Mwaka Niliong'oa Mizizi ya Simu

Trésor aliniuliza mbele ya watu, yeye amesimama, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai la kilio, na nilipoinua macho niliiona simu yake kabla ya kuuona uso wake. Ilikuwa simu nyembamba, yenye kamera tatu mgongoni, ya aina ambayo huwa inanifikia mezani kwangu pa kutengeneza simu, sokoni Manika, pale tu kioo chake kinapovunjika. Mama yake alikuwa amezikwa jana yake. "Mardo," alisema, "we njo ulijuaka kufungula batelefone. Sauti ya mama, nilifutaka yote. Hauwezi kuirudisha?" Wanaume waliokuwa wakiota moto waligeuka wasikie jibu. Nikamuuliza simu yenyewe iko wapi, ile ya zamani. "Nilimupatiaka mutoto wa shangazi, ye akaiangusha mu choo." Mzee mmoja akauliza, "Mu choo kabisa?" na watu wachache wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka kwenye kilio, bila kuangaliana. Nikamwambia haiwezekani. Nilisema ukweli kuhusu simu ile. Lakini sauti ya mama yake ipo. Ninayo moja, ujumbe mmoja, nimeuhamisha kutoka simu hadi simu mpaka leo, na pale chini ya turubai sikusema.

Ili mtu aelewe kwa nini sikusema, lazima nirudi kwenye mwaka ule tulipokaa Musonoi kwenye parcelle moja, uwanja mmoja wa vyumba vya kupanga, Trésor na mama yake mlango wa kulia, mimi mlango wa kushoto. Katikati yetu kulikuwa na ukuta wa tofali ambao haukufika kwenye mabati, na juu yake maneno yalipita kama moshi wa makaa. Nilijua mama Trésor anapika nini kabla hajafunua sufuria. Nilijua anasali kwa nani na kwa muda gani. Mchana walipolipua miamba kwenye shimo la mgodi, sahani zake zilitikisika kwenye rafu, naye kila mara aliziambia, "Mutulie!" kana kwamba ni watoto. Alikuwa akienda Lubudi kwa treni kununua mahindi na kurudi kuuza unga, na akiwa huko aliazima simu ya mdogo wake kumtumia Trésor ujumbe wa sauti, kwa sababu simu yake mwenyewe ilikuwa ya vitufe. Trésor aliufungua kwa sauti kubwa uani. Hivyo sote tulijua bei ya mahindi, afya ya shangazi, na kwamba Trésor asisahau kuloweka maharage.

Mimi na Trésor tulikuwa na simu za aina moja. Tulizinunua siku moja, duka moja, zile za bei ya chini kabisa zinazokuja na kava ya bure. Wakati ule tulidhani tumepata. Baada ya miezi michache tulielewa kwamba nusu ya simu haikuwa yetu. Ilikuja imejaa programu ambazo hatukuziomba na ambazo hazikukubali kufutwa: duka la nyimbo lisilofunguka, mchezo wa kupasua mipira, na programu ya hali ya hewa iliyotuonyesha mvua ya mji fulani wa Asia. Zilikula mega zetu za intaneti tukiwa tumelala. Trésor alizizoea kama mtu anavyozoea nzi. Mimi sikuweza. Niseme wazi jinsi nilivyo, maana bila hilo hadithi hii haina maana: mimi ni mtu ambaye akiona kona ya karatasi imekunjwa hawezi kusoma kilichoandikwa. Nilikuwa nikinawa mikono kabla ya kushika simu. Nikituma ujumbe wenye kosa la herufi moja, nilikosa usingizi. Sikusomea mambo ya simu popote, nilijifunza peke yangu, na aliyejifunza peke yake hana mtu wa kumwambia kwamba inatosha sasa, acha.

Mwaka huo kampuni moja ya sous-traitance, yaani ya kandarasi, inayofanyia kazi migodi, ilitangaza kwamba itachukua vijana wa kufundishwa kazi ya pampu, zile zinazotoa maji kwenye mashimo. Hawakutaka barua wala foleni getini. Ilibidi upakue programu yao kwenye simu, ujiandikishe, na siku ya mtihani ujibu maswali humo humo. Mtu mmoja, namba moja, simu moja. Parcelle nzima ilizungumzia jambo hilo. Kwa vijana kama sisi, ambao tulikuwa tumebakiwa na njia mbili tu, kushuka shimoni na wachimbaji au kuendesha pikipiki ya mtu, ule ulikuwa mlango wa tatu, na hatukuwa na hakika kwamba ungefunguliwa tena. Tukaipakua. Simu zote mbili zikajibu kwa Kifaransa neno lile lile: *Espace insuffisant*. Hakuna nafasi.

Trésor alitatua jambo lake mezani kwa mama yake, kabla bukari, ugali wetu, haijapoa. Nilikuwepo. Alikuwa amefuta picha, amefuta nyimbo, na bado nafasi haikutosha. Kilichobaki kikubwa kilikuwa ile sauti ya mama, mwaka mzima wa Lubudi. Aliiangalia orodha ile kidole kikiwa juu, hakibonyezi. Mama yake alikuwa akikata samaki vipande. "Unangojea nini?" aliuliza. "Ni sauti yako, mama." "Futa tu, papa. Mi si niko hapa? Kama unataka sauti, nitasema tena." Trésor akafuta. Programu ikaingia. Mama akapiga makofi kwa mikono yenye mafuta ya samaki, akanigeukia: "Na we Mardo? Futa bya kwako." Nikasema sitafuta kitu, kwa sababu vilivyozidi kwenye simu si vyangu, ni vyao, basi nitafuta vyao. "Namna gani?" Nikasema nita-ruter.

"Kuruter njo nini?" aliuliza mama.

"Inatoka ku neno ya Bangereza ya muzizi," Trésor akamjibu, maana nilikuwa nimemfundisha.

"Muzizi ya nini?"

"Ya telefone."

"Telefone iko na muzizi!" Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Na we unataka kuing'ola? Lengalenga yangu, mboga ya kule nyuma, nikiing'ola muzizi, kesho inakauka."

"Haiko kung'ola, mama," nilisema, nimekasirika kwa sababu alikicheka kitu nilichokiheshimu. "Ni kufika kule ku muzizi. Mutu anakuwa mwenye telefone kabisa."

"Kwani saa hii mwenyewe ni nani? Si we ulilipa?"

Hata leo vijana wanaponiuliza mezani kwangu, swali lake ndilo ninalolirudia mwenyewe kimoyomoyo. Lakini siku ile lililobaki parcelle halikuwa swali, lilikuwa kicheko. Kufikia jioni kila mlango ulijua kwamba Mardo anataka kuing'oa mizizi ya simu yake. Watoto wa bombani waliniita Muzizi. Jina hilo halijanitoka. Limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibanda changu cha Manika, *Chez Muzizi*, yaani Kwa Muzizi, na wateja wanadhani ni jina la ukoo.

Nilijiandaa kama mtu anayejiandaa kwa ubatizo. Nilisoma maelezo ya watu wasiojulikana, wa nchi ambazo sitafika, mpaka nikajua hata makosa yao ya tahajia. Wengi walionya: simu za bei ya chini hazisamehe, ukikosea hatua moja inabaki kipande cha tofali. Wengine walisema hakuna faida, ni kupoteza muda, nunua simu nyingine. Hao wa mwisho niliwachukia, kwa sababu walizungumza kama simu nyingine inaota nyuma ya nyumba. Kufungua kufuli la ndani kunafuta kila kitu kwenye simu, hilo nilikuwa ninalijua, kwa hiyo nilihamisha vyote kwanza kwenye kadi ya kumbukumbu ya kuazima, nikakagua faili moja moja, nikazihamisha tena kwenye kadi nyingine niliyoazima, nikakagua tena. Trésor alikuwa akinitazama kupitia mlango. "Mardo, mutihani iko karibu. Si ufute tu?" Nilimjibu kwamba kazi ikifanywa nusu ni heri isifanywe. Niliamini hivyo. Nadhani bado ninaamini, na hilo linanitia uchungu.

Kompyuta nilikuwa naipata Manika, kwenye sekretarieti ya tata Kapenda, mzee anayewapigia watu chapa na kuwatolea fotokopi karibu na soko. Nilimfagilia na kumchapia vyeti vya ubatizo, naye akaniachia mashine pale wateja walipopungua. Hofu yangu ilikuwa umeme. Ukikatika katikati ya kuandika mfumo, simu imekufa. Tata Kapenda aliwasha jenereta yake ndogo kwa ajili yangu, akakaa mlangoni akiwazuia wateja. "Mungoje, mutu iko anapasuliwa hapa ndani," aliwaambia, na wao wakachungulia kwa heshima. Nilikuwa nimelowa jasho mgongo mzima. Mstari ulitembea kwenye kioo, ukasimama, ukatembea. Kisha simu ikajizima, ikakaa nyeusi kwa muda ambao moyo wangu haujausahau, ikawaka. Nilifungua dirisha dogo la maandishi na kuiuliza: mimi ni nani? Nayo ikajibu kwamba mimi ndiye mwenye mamlaka yote. Nililia. Nakiri hilo bila aibu. Tata Kapenda alidhani imeharibika, akanishika bega, "Pole, mutoto." Nikamwambia, "Hapana, tata. Imekubali."

Nilirudi Musonoi kwa miguu nikiwa na simu mfukoni kama yai. Uani nikaanza kung'oa: duka la nyimbo, mipira, mvua ya Asia. Kila kimoja kilitoka bila kelele. Simu ikawa nyepesi, ikawa na kasi, nafasi ikabaki hadi sikujua niifanyie nini. Nikarudisha vitu vyangu vyote kutoka kwenye kadi, hakikupungua hata kimoja. Nilimwita Trésor, nikamwita mama yake, watu wa milango mingine wakaja nao. "Na muzizi iko wapi sasa?" mama aliuliza, akaangalia chini ya meza. Hata mimi nilicheka. Kisha, mbele yao wote, nikaweka programu ya kampuni. Iliingia bila shida. Nikaandika jina, nikaandika namba. Kigurudumu kikazunguka. Halafu kioo kikawa chekundu: *Appareil modifié. Accès refusé.* Kifaa kimebadilishwa. Hairuhusiwi.

Trésor ndiye aliyeyasoma maneno hayo kwa sauti. Mimi macho yalikuwa wazi lakini sikuona. Programu ile ilitengenezwa na watu waliowaogopa wadanganyifu, na kwao mtu aliyefika kwenye mzizi wa simu yake ni mdanganyifu. Niling'oa ili nipate nafasi ya kuiweka, nayo ikanikataa kwa sababu nimeng'oa. Hakuna aliyenieleza hilo katika yote niliyoyasoma, au labda alieleza na mimi nilikuwa nimemdharau. Nilijaribu kuificha kazi yangu kwa njia nilizozijua. Ikanikamata tena. Nikarudi kwa tata Kapenda, nikairudisha simu ilivyotoka kiwandani, mpaka na mipira na mvua, nikafunga kufuli kama halikuwahi kufunguliwa, nikaacha vitu vyangu kwenye kadi ili nafasi itoshe, nikaweka programu upya. Safari hiyo kioo hakikuwa chekundu. Programu iliandika kwa herufi ndogo, za adabu, kwamba namba yangu imefungiwa. Nilimpigia mtu wa kampuni ambaye namba yake ilibandikwa kwenye tangazo. "Ndugu," alisema, "kama hukuwa na kitu cha kuficha, kwa nini uligusa?" Akakata.

Siku ya mtihani nilikaa kwenye kizingiti changu. Kupitia juu ya ukuta nilimsikia Trésor akinong'ona maswali, na mengine nilikuwa na majibu yake kabla hajamaliza kusoma, kwa sababu tulikuwa tumejifunza pamoja na mimi ndiye niliyemfundisha shinikizo la maji. Baadaye mama Trésor alinitengea chakula kama kawaida, bukari na samaki, kipande changu kikubwa sawa na cha mwanawe. Tulikula watatu. Trésor alisema maswali yalikuwa rahisi, kisha akaona alichosema, akaomba maji. Jioni ile nilimsikia mama akimwambia mwanawe, polepole, kama mtu anayejua kuwa ukuta una masikio lakini amechoka kujizuia: "Mardo hana mubaya. Lakini bitu yake haiishake. Mutu wa vile anavutaka mwenzake mu shimo yake." Nilingoja Trésor ajibu. Nilingoja sana.

Aliitwa kazini kabla ya mvua za kwanza. Parcelle ilimwimbia, akina mama wakampaka unga kichwani kwa kumpongeza, mimi nami nikashika bakuli la unga. Wiki hiyo mama yake alipanda treni kwenda Lubudi, na hiyo ndiyo ikawa safari yake ya mwisho ya biashara, kwa maana Trésor alipopata mshahara alimwambia apumzike, mama wa mfanyakazi hawezi kulala kwenye magunia. Wakahamia Manika, nyumba yenye maji ndani. Mama hakuwa tena na sababu ya kutuma sauti. Alikuwa sebuleni, alimwita tu, "Trésor!" na Trésor akaitika. Ile ahadi ya mezani, kwamba atasema tena, aliitimiza kila siku, ila hewani tu, bila simu.

Lakini kutoka Lubudi, safari ile ya mwisho, alituma ujumbe mmoja, na aliutuma kwangu. Nakumbuka nilifurahi kuona alama ya sauti. Nilidhani ananitia moyo. Nitauandika ulivyo, maana ninaujua kuliko sala yoyote:

"Mardo, mutoto wangu, njo mama Trésor. Unisikie muzuri. Mi sina mubaya na we. Lakini Trésor anaanza kazi, na we uko unachunguza bitu mupaka bitu binaharibika. Usimuite tena kule ku sekretarya yako. Usimufundishe ile mambo ya muzizi. Bakimukamata na ile, atapoteza kazi. Umuache Trésor wangu, papa. Trésor wangu ni mumoja tu. Umuache atembee njia yake. Haya. Mungu akuchunge." Kisha kimya, halafu kikohozi, halafu sauti yake ikiwa mbali kidogo, anamuuliza mdogo wake pa kubonyeza ili kuzima, "Nafinya wapi? Nafinya hapa? Sasa mbona iko inaendelea?" na wote wawili wanacheka, na maji yanachemka mahali fulani, na ujumbe unakwisha.

Nilimtii. Sikumwita Trésor tena, na yeye hakuuliza kwa nini, jambo ambalo nililihesabu kuwa jibu. Simu yangu niliifungua tena kwa hasira mara ya pili, ikadumu miaka, imesafishwa, inatii, haina mipira wala mvua. Programu ya pesa haikukubali kufunguka ndani yake hata siku moja, kwa hiyo kila nilipotaka kupokea pesa niliazima simu ya mtu mwenye simu iliyojaa takataka. Vijana wanakuja kibandani wakiwa na simu zao za kava ya bure: "Yaya Muzizi," wananiita, yaani kaka, "kuruter inafaa?" Ninawaambia inafaa kama simu hiyo hamuitegemei kwa lolote. Wanadhani natania. Ujumbe wa mama Trésor nao niliutunza. Sikuutunza kwa upendo. Niliutunza kama mtu anavyotunza risasi iliyotolewa mguuni mwake, na kila mambo yalipokuwa mabaya niliusikiliza ili nihakikishe kwamba nilidhulumiwa.

Hicho ndicho nilichokuwa nacho mfukoni chini ya turubai, Trésor, mwenye simu ya kamera tatu, alipokuwa anataka sauti moja. Nikimpa, atasikia mama yake akinikataa. Nisipompa, hatamsikia kamwe. Nilikaa na jambo hilo mpaka chai ilipozungushwa na vikombe vikakusanywa. Kisha nikamfuata nyuma, upande wa jikoni, ambako akina mama walikuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Iko moja," nilimwambia. "Alinitumiaka mimi."

"Ya nini?"

"Sikiliza."

Aliiweka simu yangu sikioni, akageuka ukutani. Sikuweza kusikia, lakini naujua ujumbe ule kwa urefu wake. Nilijua sasa anataja jina langu, sasa bitu binaharibika, sasa umuache. Nilingoja ageuke aniangalie. Mabega yake yalianza kutikisika kwenye sehemu ya mwisho, na nilielewa kwamba anacheka. Akaurudisha ujumbe nyuma. Akaurudisha tena, kidole chake kikitafuta mahali pamoja pale pale, *Trésor wangu ni mumoja tu*, mara nyingi, mpaka nikaangalia kando.

"Umesikia alichosema?" nilimuuliza. "Ju ya mimi?"

Aliniangalia kama mtu anayeamshwa. "Alisema nini? Mardo, mi nilisikia mama tu."

Akajitumia ujumbe kwenye simu yake, akaingia nao ndani kwa shangazi zake. Nikabaki dirishani. Aliufungua kwa sauti kubwa, kama zamani uani, na jina langu likatoka mbele ya nyumba nzima, na makosa yangu, na amri ya kumwacha Trésor. Akina mama wakaanza kulia kabla haujafika nusu. Hakuna aliyegeuka kunitafuta. Kisha kikaja kile kikohozi, na mama Trésor, akiwa hai kabisa, akauliza: "Nafinya wapi? Nafinya hapa?"